Sukari Iliyopachikwa na Sukari Iliyonata: Istilahi za Utambuzi wa Protini zenye Sukari

1. Utangulizi

Makala haya yametokana na kikaratasi kimoja. Jirani yangu wa Mbezi Beach, upande wa Tangi Bovu, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na ana ugonjwa wa kisukari. Jumamosi moja aliniita barazani kwake, akaniwekea mkononi kikaratasi cha maelezo alichopewa katika kliniki mojawapo ya jijini.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe kazi yako ni maneno. Nisomee hapa, kisha uniambie kama nimeelewa vibaya."

Kikaratasi kilisema hivi: "Kipimo hiki huonyesha kiasi cha protini yenye sukari. Mgonjwa mwenye protini yenye sukari nyingi yuko hatarini na anatakiwa aipunguze." Mwalimu alikuwa amekitii kikaratasi. Kwa muda wa miezi miwili alikuwa ameacha mayai, samaki, maharage na kunde, kwa sababu ndivyo vyakula alivyowafundisha watoto miaka thelathini kwamba vina protini. Wakati huohuo alikuwa akiendelea kunywa uji mtamu asubuhi, maana uji haukutajwa. Alikuwa amekonda, na kipimo chake hakikuwa kimeshuka.

Nilimjibu, "Hukuelewa vibaya, Mwalimu. Kikaratasi ndicho kilichosema vibaya."

Sina sababu ya kumlaumu mfasiri wa kikaratasi kile. Alikuta dhana ngeni, akatafuta maneno mepesi, akaandika kile ambacho wengi wetu tungekiandika. Kosa lake ni la istilahi, tena ni kosa ambalo lugha za sayansi za Ulaya zenyewe zililifanya kabla yetu na zikalazimika kulisahihisha. Kwa hiyo ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa utaratibu: protini zenye sukari ni nini, hutambuliwaje katika maabara, na Kiswahili kiziitaje ili mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wasimpotoshe mwananchi.

2. Maana nne za neno "sukari"

Kabla ya kuingia maabara hapana budi tulitazame neno "sukari" lenyewe. Katika Kiswahili cha leo neno hili hubeba maana zisizopungua nne.

Kwanza, ni kitu cha dukani kinachopimwa kwa kilo na kutiwa katika chai. Pili, katika kemia, ni jina la jamii kubwa ya vitu, ambamo sukari ya dukani ni mmoja tu kati ya wengi: wamo pia glukosi, galaktosi, manosi na wengineo, na baadhi yao havina utamu wa kutajika. Tatu, hospitalini, "sukari" ni kiasi cha glukosi kilichomo katika damu. Daktari husema "sukari yako imepanda". Nne, katika mazungumzo ya kila siku, "sukari" ni ugonjwa wenyewe. Watu husema "fulani ana sukari", na kila mtu huelewa.

Mfasiri anapoandika "protini yenye sukari" anakusudia maana ya pili. Mgonjwa anaposoma anachukua maana ya kwanza, au ya nne. Hapo ndipo mayai yanapoachwa na uji mtamu unapobaki.

Jambo hili si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kuhusu vijiji vya Tanzania ulikuta kwamba wenye kisukari walikuwa chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kiwango cha glukosi kilichozidi katika watu wapatao tisa katika kila mia. Njia za uchunguzi hazikuwa sawa, na kwa hiyo hesabu hizi mbili hazilingani moja kwa moja; hata hivyo zinatosha kuonyesha kwamba wasomaji wa vikaratasi vya namna hii si wachache tena.

3. Sukari iliyopachikwa

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino. Protini nyingi mwilini hazikai hivyohivyo. Baada ya kuundwa, au zinapoendelea kuundwa, seli huzitia vipande vya sukari mahali maalumu. Kazi hii hufanywa na vimeng'enya, ndani ya viungo vidogo vya seli, ikiwamo sehemu inayoitwa vifuko vya Golgi kwa jina la mtaalamu wa Italia aliyeieleza mwaka 1898. Kila kimeng'enya kina sukari yake na mahali pake, kama fundi anayepachika mpini katika jembe: hapachiki mpini mahali popote, wala hapachiki mpini wowote. Protini iliyokamilishwa kwa namna hii huitwa glikoprotini, jina lililotokana na neno la Kigiriki "glykys", yaani tamu.

Glikoprotini zimetuzunguka. Ute wa yai una glikoprotini kwa wingi. Ute wa puani na wa tumboni huteleza kwa sababu ya glikoprotini. Kingamwili za damu ni glikoprotini. Makundi ya damu ya A, B na O, ambayo kila mchangiaji damu anayajua, hutofautiana kwa kipande kimoja cha sukari kilichopo mwishoni mwa mnyororo wa sukari juu ya chembe nyekundu: wa kundi A ana sukari ya aina moja, wa kundi B ana ya aina nyingine, na wa kundi O hana hata moja kati ya hizo mbili.

Mfano mwingine unatoka katika mapori yetu. Kimelea cha malale, kinachoenezwa na mbung'o, hujifunika koti lililosukwa kwa glikoprotini za aina moja, zipatazo milioni kumi juu ya kimelea kimoja. Mwili wa mgonjwa unapotengeneza kingamwili za kulishambulia koti hilo, baadhi ya vimelea huwa vimekwisha kuvaa koti jingine. Ndiyo maana chanjo ya malale imekuwa jambo gumu.

Katika mifano yote hii sukari haipo kwa bahati mbaya. Imewekwa na mwili, au na kimelea, kwa kazi yake. Kuwa na glikoprotini si ugonjwa, na kula ute wa yai hakuna uhusiano wowote na kipimo alichopimwa Mwalimu.

4. Sukari iliyonata

Hemoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni katika damu, si glikoprotini. Seli haiipachiki sukari. Lakini chembe nyekundu huishi takribani siku 120 zikiogelea katika damu yenye glukosi, na glukosi ina tabia ya kunata taratibu katika protini pasipo kimeng'enya chochote. Hainati kwa amri ya mwili. Hunata kwa sababu imekutana na protini kwa muda mrefu, kama vumbi la barabarani linavyonata katika majani ya mti uliosimama kando ya njia. Vumbi likiwa jingi, majani huchafuka zaidi.

Kwa mtu asiye na kisukari, sehemu ya hemoglobini yenye glukosi iliyonata mahali maalumu, yaani mwanzoni mwa mnyororo wa beta, ni kati ya asilimia 4 na 6 hivi. Kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa huongezeka. Maadamu chembe nyekundu huishi miezi kadhaa, kipimo hiki husimulia hali ya glukosi ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ilhali kipimo cha kidoleni husimulia hali ya saa ileile. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba asilimia 6.5 na kuendelea iweze kutumika kutambua kisukari.

Kipimo hiki hujulikana kwa jina la hemoglobini A1c. Wagonjwa wengine hudhani A1c ni aina ya vitamini. La hasha. Herufi na tarakimu hizo ni kumbukumbu ya maabara tu, nasi tutaona sasa zilitoka wapi.

5. Kuzitenganisha

Maabara haiwezi kuipima protini moja katika damu bila ya kwanza kuitenga na wenzake, au kuwa na kitu kinachoitambua yeye tu. Njia za kutenga zinazohusika hapa ni mbili.

Ya kwanza ni kromatografia. Jina hili lina maana ya "maandishi ya rangi", kwa kuwa mtaalamu wa Urusi aliyeianzisha mwanzoni mwa karne ya 20, Mikhail Tswett, alitenganisha rangi za majani mabichi. Leo hutumika hata kwa vitu visivyo na rangi, na jina limebaki. Kanuni yake ni rahisi. Chukua watu mia wanaoingia pamoja Mtaa wa Kongo, Kariakoo, wakielekea upande wa pili. Asiye na haja ya kununua atapita moja kwa moja. Mwenye haja atasimama kila meza. Walioingia pamoja watatoka kwa makundi. Katika kromatografia, mtaa ni mrija uliojazwa chembechembe za kitu kigumu, na meza ni chaji za umeme, au kemikali, zilizomo katika chembechembe hizo.

Mwaka 1958 wataalamu walipitisha hemoglobini ya watu wazima katika mrija wenye chaji hasi. Hemoglobini ya kawaida, yenye chaji chanya, ilikawia. Mbele yake zilitoka sehemu ndogo ndogo zilizokuwa na chaji chanya pungufu, zikapewa majina kwa mpangilio wa kutoka kwake: A1a, A1b, A1c. Hiyo ndiyo asili ya jina. Baadaye ilibainika kwamba A1c hutangulia kwa sababu glukosi iliyonata imeipunguzia chaji chanya.

Ipo namna nyingine ya kromatografia ambamo mrija hujazwa kemikali yenye boroni. Boroni hushika sehemu fulani ya sukari kama ndoana inavyoshika jicho la shati. Protini isiyo na sukari hupita; yenye sukari hubaki imeshikwa, kisha huachiliwa na kupimwa.

Njia ya pili ni elektroforesi, iliyoendelezwa na Arne Tiselius wa Uswidi mwaka 1937 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Siku hizi protini mara nyingi huwekwa katika jeli, na umeme hupitishwa. Kila protini huvutwa kuelekea upande unaopingana na chaji yake, na jeli huzizuia kwa kiasi kinachotofautiana kufuatana na ukubwa wake. Baada ya muda protini zilizokuwa pamoja huonekana zimejipanga katika mistari. Kwa elektroforesi, mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu hutofautiana na ya watu wengine. Na kwa njia hiihii, mwaka 1968, Samuel Rahbar wa Chuo Kikuu cha Tehran aliona mstari usio wa kawaida katika damu ya wagonjwa wa kisukari. Mstari ule ndio uliofungua njia ya kipimo cha Mwalimu wetu.

Msomaji na atambue hapa jinsi istilahi njema inavyofanya kazi. "Selimundu" ni neno lililoundwa kwa kuunganisha "seli" na "mundu", na mtu aliyewahi kuishika mundu huona mara moja umbo la chembe hiyo. Halikuhitaji maelezo marefu, nalo limekubalika redioni, hospitalini na majumbani. Hilo ndilo lengo tunalolitafuta kwa dhana tuliyo nayo.

6. Kuzing'arisha

Mistari ya protini katika jeli mara nyingi haionekani kwa macho. Hapana budi itiwe kitu cha kuidhihirisha, na ikiwa tunatafuta protini zenye sukari tu, kitu hicho sharti kiitambue sukari. Ndipo inapoingia fluoresensi.

Msomaji ameiona fluoresensi pengine bila ya kulijua jina lake. Benki, mhudumu anapoweka noti chini ya taa ndogo ya urujuanimno, alama zilizofichika katika karatasi hung'aa. Taa yenyewe hutoa mwanga ambao kwa sehemu kubwa jicho halioni. Wino maalumu huupokea mwanga huo na kuutoa upya ukiwa na mawimbi marefu zaidi, ambayo jicho huyaona. Taa ikizimwa, mng'ao nao huisha papo hapo. George Gabriel Stokes wa Uingereza aliieleza tabia hii mwaka 1852, na mojawapo ya vitu alivyovichunguza ni kwinini, dawa ya malaria waliyoimeza babu zetu: maji yenye kwinini, yakimulikwa kwa urujuanimno, hung'aa rangi ya samawati.

Ili kuing'arisha sukari katika protini, maabara hufuata mojawapo ya njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kemikali. Jeli huloweshwa katika asidi ya periodi. Asidi hii hulivunja umbo la sukari na kuacha ncha zilizo tayari kushikana na kemikali nyingine. Kisha hutiwa rangi inayoshikana na ncha hizo. Zamani ilitumika rangi ya Schiff, inayotoa wekundu wa zambarau. Kuanzia miaka ya 1970 zilibuniwa rangi za fluoresensi, ambazo zikimulikwa huonyesha hata kiasi kidogo sana cha protini kisichoonekana kwa rangi ya kawaida. Jeli ikiwekwa juu ya taa ya urujuanimno, mistari ya glikoprotini hung'aa, na mistari ya protini nyingine hubaki giza.

Njia ya pili hutumia mbegu. Mwaka 1888 Peter Hermann Stillmark, akifanya kazi katika mji wa Dorpat ambao sasa huitwa Tartu, aligundua kwamba kitu kilichomo katika mbegu za mbarika, zilezile zinazokamuliwa mafuta ya nyonyo, hushikamanisha chembe nyekundu za damu. Baadaye vitu vya aina hiyo vilipatikana katika mbegu nyingi, zikiwamo karanga na maharage ya aina mbalimbali. Mwaka 1936 James Sumner na mwenzake walionyesha kwamba vitu hivyo hushika sukari. Mwaka 1954 William Boyd aliviita kwa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua. Kwa Kiswahili tunaviita lektini. Kila lektini huchagua sukari yake: lektini ya karanga huchagua galaktosi, na nyingine huchagua manosi. Lektini ikifungiwa kipande cha rangi ya fluoresensi, kisha ikamwagwa juu ya protini zilizotenganishwa, itang'aa pale tu ilipoikuta sukari yake. Kwa hiyo haituambii tu kwamba sukari ipo, bali pia ni sukari gani.

7. Kiini cha tatizo

Sasa tunaweza kuona mzizi wa kosa la kikaratasi. Kemikali inayotafuta sukari haiulizi sukari hiyo ilifikaje. Boroni hushika sukari iliyonata, na yaweza pia kushika baadhi ya zilizopachikwa. Chombo hujibu swali moja: je, kuna sukari? Swali la pili, je, imewekwa na mwili au imenata yenyewe, hujibiwa na akili ya mtaalamu anayejua amechukua protini gani na kwa nini. Maadamu chombo hakitofautishi kila mara, neno ndilo linalopaswa kutofautisha.

Wazungu wenyewe walilikosea jambo hili. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilitumia neno moja, glikosilesheni, kwa matukio yote mawili. Katika miaka ya 1980 kamati ya kimataifa ya istilahi za biokemia ilishauri kwamba tukio la hemoglobini lisiitwe glikosilesheni, bali glikesheni. Leo vitabu vingi hufuata ushauri huo, lakini neno la zamani bado huonekana katika fomu na vikaratasi vya hospitali. Mfasiri anayefasiri neno la zamani kwa uaminifu hufasiri na kosa lililomo.

Je, tuchukue "glikosilesheni" na "glikesheni" kama yalivyo? Kwa watu wa maabara hayana ubaya. Lakini kwa mwalimu na mgonjwa maneno haya yana udhaifu mmoja mkubwa: yanafanana mno. Silabi mbili tu ndizo zinazotenganisha uzima na ugonjwa. Kiswahili hakilazimiki kubeba udhaifu huo, kwa sababu kina nyenzo zake.

Tutazame vitenzi. "Kupachikwa" ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa humwita mtenda: kimepachikwa na nani? Kimeng'enya. Aidha, "kupachika" hudokeza mahali maalumu na makusudi. "Kunata" hakuhitaji mtenda wa nje. Kitu hunata chenyewe. Hivyo basi tofauti ambayo wenzetu waliieleza kwa kuongeza au kupunguza silabi, sisi tunayo tayari katika vitenzi ambavyo hata mtoto wa darasa la pili anavielewa.

Tulifikiria pia vitenzi vingine. "Kuganda" kuliachwa kwa sababu damu kuganda ni jambo jingine kabisa, na mgonjwa akisoma "hemoglobini iliyogandwa na sukari" atahofu kwamba damu yake imeganda. "Kuchanganyika" ni dhaifu, maana vilivyochanganyika vyaweza kuchujwa, ilhali glukosi iliyokwisha kunata imara hubaki hadi chembe nyekundu ife. Na jina "mnato" halifai, kwa kuwa wanafizikia wamekwisha kulitumia kwa uzito wa vimiminika kama asali. Kwa hiyo tunapendekeza "unataji".

Kuhusu fluoresensi, neno "mng'ao" peke yake ni pana mno, maana hata sufuria iliyosuguliwa hung'aa. "Mwako" huleta fikra ya moto. Tunapendekeza "mng'ao wa kuchochewa", kwa kuwa hutokea pale tu kitu kinapochochewa na mwanga mwingine; hivyo hutofautiana na nuru ya kimulimuli, anayejiwakia mwenyewe.

8. Mapendekezo

Tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Glikoprotini: protini iliyopachikwa sukari na vimeng'enya wakati wa kuundwa kwake.

Upachikaji wa sukari: tendo la vimeng'enya la kuitia protini sukari mahali maalumu; maabara, glikosilesheni.

Unataji wa sukari: tukio la glukosi kunata katika protini pasipo kimeng'enya; maabara, glikesheni.

Hemoglobini yenye sukari iliyonata: hemoglobini iliyopatwa na unataji wa sukari, kwa kifupi, hemoglobini A1c.

Lektini: protini, hasa ya mbegu, inayochagua na kushika sukari ya aina fulani.

Mng'ao wa kuchochewa: mwanga unaotolewa na kitu baada ya kupokea mwanga wa mawimbi mafupi zaidi, maabara, fluoresensi.

Kromatografia na elektroforesi: yabaki kama yalivyo, kwa kuwa yamekwisha kuzoeleka vyuoni na hospitalini.

"Protini yenye sukari" lisitumike kamwe katika maandishi ya wagonjwa. Katika maandishi ya kitaalamu laweza kutumika kama jina la jumla, iwapo mwandishi amekwisha kueleza kwamba analitumia kwa aina zote mbili.

Kwa mfano, kikaratasi cha Mwalimu kingeweza kuandikwa hivi: "Glukosi ikizidi katika damu, hunata katika chembe nyekundu. Kipimo cha A1c huonyesha ni kiasi gani kimenata kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Kipimo hiki hakihusu protini unazokula. Usiache mayai, samaki wala maharage kwa sababu ya kipimo hiki. Uliza kwanza kwa daktari au mtaalamu wa lishe."

Jambo moja zaidi lisisahauliwe na wafasiri. Kipimo cha A1c hutegemea chembe nyekundu kuishi muda wake wa kawaida. Kwa mgonjwa wa selimundu chembe hizo hufa mapema, hazipati muda wa kunatwa vya kutosha, na tarakimu yaweza kuwa ndogo ilhali glukosi ni nyingi. Maelezo ya asili huwa na onyo kuhusu hali za namna hii, kwa kawaida katika maandishi madogo ya mwishoni. Katika nchi yetu, ambako selimundu si ugonjwa wa nadra, onyo hilo lisiachwe kwa kisingizio cha kukosa nafasi, lipandishwe juu.

9. Tamati

Niliporudi kwa Mwalimu nilimpelekea maelezo mapya kwa mwandiko wangu, nikamsihi ayapeleke kwa daktari wake kabla ya kubadili chochote. Aliyasoma kwa sauti, kama asomavyo mwalimu mbele ya darasa. Alipofika penye neno "hunata" alisimama.

"Kumbe!" alisema. "Kama sukari guru kwenye vidole."

"Ndivyo, Mwalimu."

"Basi mngesema hivyo tangu mwanzo."

Hatukuwa na jibu la kumpa, ila kulifanya jambo lenyewe. Wasomaji walio katika shule, hospitali, wizara na vyumba vya habari wanaombwa wayajaribu maneno haya kwa watu watakaoyatumia, kisha watuandikie: lipi limeeleweka, lipi limekwama, na kwa nini. Istilahi haijakamilika mpaka mwenye kuihitaji ameisoma na kutenda lililo sawa.